Dada, kila akitoka naiti analeta ED

Shikamoo dada. Nakusoma siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo nimebanwa. Mimi ni nesi, miaka 43, inchaji wa wodi ya wazazi kwenye hospitali moja ya binafsi hapa Moshi, jina naomba usilitaje maana mji wenyewe huu ukipiga chafya Pasua wanakuitikia Kiborloni. Nina mwaka wa 14 kazini na sijawahi kuchukua ED hata moja, yaani kile cheti cha daktari cha kupumzika kazi ukiumwa. Mei Mosi nimeitwa mfanyakazi hodari mara 3, mara ya mwisho nikapewa jiko la gesi. Sijisifu, nakwambia ili unielewe nikianza kulalamika.

Wodi yangu ina manesi 7 na mimi nikiwemo. Mmoja yuko likizo ya uzazi tangu mwezi wa tano, mwingine ameanza likizo ya mwaka wiki iliyopita. Kila siku nahitaji wawili asubuhi, mmoja mchana, mmoja usiku. Sasa kuna huyu binti, ana miaka 26, ana mwaka mmoja na nusu tangu aajiriwe. Kazi anajua, sitamsingizia, mkono wake kwenye kanula ya kichanga, ile sindano ya drip, hata madaktari wanamuita kutoka wodi nyingine. Shida yake ni ED. Kuanzia mwezi wa nne mpaka leo ameleta 4, ya siku 2, ya siku 3, tena 2, tena 3, na nimekaa na rota, ratiba yetu ya zamu, nikakagua, zote zinaangukia akishamaliza naiti. Naiti zetu ni tano mfululizo, saa 2 usiku mpaka saa 2 asubuhi, halafu offu 2. Yeye offu zikiisha badala ya kurudi asubuhi unaletewa kikaratasi, mara kichwa, mara tumbo, mara mwili hauna nguvu. Nani ana nguvu hapa duniani?

Ile ya kuharisha nilimpigia siku ya pili nikamuuliza bado unaendelea, akasema imekata asubuhi, nikamwambia basi njoo mchana sina mtu. Akaja, kanuna mpaka jioni.

Halafu wiki iliyopita akiwa kwenye ED mwenzetu mmoja kamuona Mbuyuni sokoni ananunua ndizi, kampiga picha kwa mbali katupia kwenye grupu la wodi. Hapo hasira zikanipanda nikaandika "kuna watu wameajiriwa kulala na wengine tumeajiriwa kufa". Tiki zote zikawa za bluu, watu wakaweka vicheko. Yeye hakujibu kitu. Usiku nikaona amejitoa kwenye grupu.

Wenzake wanataka nimpeleke kwa metroni, mkuu wetu wa manesi, apewe barua ya onyo. Wengine wanasema hizo ED anaandikiwa na tabibu mmoja wa OPD, kule kwa wagonjwa wa nje, ambaye ni mshkaji wake. Nimejaribu kumgusia metroni akasema malizaneni huko huko wodini.

Na anayeziba pengo ni mimi. Mwezi uliopita nimepiga naiti 8 juu ya zamu zangu za asubuhi, kuna siku nilimaliza usiku nikanawa uso nikaendelea na raundi. Na mimi mwenyewe siko vizuri kihivyo, nina kikohozi mwezi sasa, kibaridi cha mwezi wa sita na wa saba cha kwetu unakijua, mlima hauonekani wiki nzima. Usiku ndo kinabana zaidi, mwanangu wa kidato cha pili anasema mama unaniamsha. Nakunywa tangawizi na limao, nimemaliza dozi 2 za antibayotiki, nikizidiwa navaa barakoa naendelea. Wenzangu wananisifia nimepungua, gauni la kazi limekuwa kama la kuazima, wanauliza dayati gani, nawaambia dayati ya naiti. Lakini nipo, sijawaacha wagonjwa. Ndo kinachoniuma hicho, mzima yuko kitandani na mgonjwa yuko wodini.

Sasa dada, nimuandikie ripoti au nimuache? Na sheria inasema ED ngapi ndo basi? Jumamosi hii anatakiwa aanze naiti na tayari amenitumia meseji kwamba hajisikii vizuri, nimeshajiweka mimi. Nijibu kabla sijafanya kitu cha kujutia.

Mama Wodi, Moshi


Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara 3. Mara ya kwanza nilikuwa upande wako kabisa, mimi mwenyewe nimekaa wodini miaka 26 na rota nimeipanga mpaka naiota. Mara ya pili nikachukua kalamu nikaanza kuhesabu zamu zako. Mara ya tatu nikafika kwenye zile sentensi za kikohozi nikaweka kikombe chini. Nitakujibu ulichouliza, ila naanza na ambacho hukuuliza.

Unakohoa mwezi mzima, usiku kinazidi, umepungua mpaka gauni linakuvuka, na antibayotiki mara 2, ulizojiandikia mwenyewe nadhani, hazijagusa kitu. Sasa jifanye umekaa kwenye kile kiti chako cha inchaji, anaingia mama mmoja kutoka Kibosho anakupa maelezo hayo hayo neno kwa neno. Ungemwambia akanywe tangawizi? Ungekuwa umeshamkabidhi kikopo cha makohozi kabla hajamaliza kuongea. Kikohozi cha wiki 2 kinapimwa TB, hilo umewafundisha wanafunzi wa uuguzi wewe mwenyewe. Na huishi mbali na habari hizi, Kibong'oto iko hapo Siha inatibu kifua kikuu tangu 1926.

Sisemi unayo. Sipimi watu kwa simu. Inaweza ikawa pumu, inaweza ikawa asidi ya tumbo inapanda ukilala, mafua nayo yana tabia ya kuondoka yakaacha kikohozi nyuma, na kama una presha na unameza dawa za kundi la captopril nazo zinakohoza watu vibaya sana na wengi hawajui. Ila hujui ni ipi kati ya hizo, na kila asubuhi unamuinamia mtoto wa siku moja kumfunga kitovu. Mwezi wa saba madirisha ya wodi yamefungwa, najua, kina mama wanagomba ukifungua maana watoto wanapigwa baridi, sasa hewa ya humo ndani ni hiyo hiyo mnagawana. Barakoa unayovaa ukizidiwa inapunguza kinachoruka ukikohoa, haikuzibi, na kabla hujazidiwa hujaivaa. Kichanga akipata TB haiishii kifuani, inaweza kukimbilia mpaka ubongo, na BCG, chanjo yake ya TB, umemchoma jana, bado haijaanza hata kufanya kazi. Haya yote unayajua. Umeyaweka kabatini kwa sababu mgonjwa ni wewe.

Umeniambia mzima yuko kitandani na mgonjwa yuko wodini ukadhani unalalamika kuhusu yeye.

Sikucheki. Mwaka 1994 nilikuwa wodi ya watoto kwenye hospitali moja ya wilaya, nikapata malaria kali, na usiku huo tulikuwa wawili kwa wodi nzima. Nikasema sirudi nyumbani. Mwenzangu akaniwekea kanula, drip ya kwinini tukaining'iniza kwenye nondo ya dirisha la chumba cha manesi, nikawa nakaa nusu saa, naifunga, nazunguka wodi na kanula mkononi nimeifunika na plasta, narudi naifungulia. Manesi wa zamani wakisoma hapa wanacheka maana wote tumefanya. Sasa kwinini kama umewahi kuinywa unajua, masikio yanavuma, unasikia nyenje kichwani. Kuna mama kitanda cha 9 aliniita. Ananiambia aliniita kama mara 4 hivi. Sikusikia. Nilipofika kwa ratiba zangu mwenyewe nikakuta drip ya mtoto imetoka kwenye mshipa zamani, mkono umevimba umekuwa kama andazi, ngozi inang'aa, na mtoto kachoka hata kulia. Alipona, ila kile kimkono kilikaa na kidonda wiki 3 na mama yake kila nikipita ananiangalia tu, hasemi kitu. Asubuhi kwenye ripoti metroni akaniita mbele akasema huyu ndo muuguzi wa kweli, anaumwa na yuko kazini. Makofi nikapigiwa. Hakuna aliyetaja kitanda cha 9, na mimi sikutaja.

Kwa hiyo hilo jiko la gesi mdogo wangu nalielewa. Mimi nilipewa kanga.

Sasa twende kwa binti. Umeuliza sheria. Ukiwa hospitali ya binafsi inayokuhusu ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 32. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu mshahara. Haihesabu ED ngapi, inahesabu siku. Za kwake ulizonitajia ni 2 na 3 na 2 na 3, jumla siku 10. Kama hana nyingine huko nyuma basi zile za mshahara kamili tu amebakiza 53. Ukienda kwa metroni na siku 10 zenye cheti unataka barua ya onyo, atakayeonekana hajui kazi ni wewe, na binti akiwa mjanja akaenda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, na hiyo barua mtakaa kikao hamjapanga.

Cheti nacho, sheria inataka kitoke kwa daktari aliyesajiliwa, au mtaalamu mwingine wa tiba ambaye mwajiri amemkubali, na mwajiri haruhusiwi kumkataa hivi hivi bila sababu ya maana. Huyo tabibu wa OPD ameajiriwa na nani? Na hospitali yenu. Akimuandikia dereva wa bodaboda ED mnaipokea, akimuandikia nesi wenu ghafla anakuwa mshkaji? ED za kishkaji zipo, sikatai, nimeziona kwa macho, mtu anaandikiwa korido huku wanacheka, hajapimwa hata joto. Kama una ushahidi wa hivyo mambo ni ya mganga mfawidhi na HR, wamuite tabibu waangalie faili kama mgonjwa alionwa na akapimwa, au aangaliwe na daktari mwingine. Kama ushahidi wenyewe ni "wenzake wanasema", achana nao.

Na Mbuyuni. ED sio kifungo. Mtu mwenye kipandauso asubuhi anaweza saa 9 akatoka kununua ndizi, wewe unadhani nani anampikia? Anaishi peke yake huyo? Hukuniambia, na nahisi hujui. Ile ya kuharisha ndo ulikosea wewe zaidi, samahani nikikwambia. Aliyeharisha au kutapika anakaa nje mpaka yapite masaa 48 tangu mara ya mwisho, maana vijidudu vinaendelea kutoka hata kama tumbo limetulia. Wewe ulimrudisha mchana wa siku ile ile iliyokata asubuhi, akashike vichanga. Alikuwa na haki ya kununa.

Halafu rota. Hapa ndo nilichukua kalamu. Wawili asubuhi, mmoja mchana, mmoja usiku ni zamu 4 kwa siku, zamu 28 kwa wiki. Una manesi 7, toa wa uzazi, toa wa likizo ya mwaka, wamebaki 5. Kila mmoja akifanya zamu 5 ni 25. Yaani Jumatatu asubuhi kabla hajaumwa mtu yeyote una deni la zamu 3, na deni hilo limekuwa linalipwa na mapafu yako. Na usidhani ni bahati mbaya ya mwezi huu. Manesi 7 kila mmoja ana siku 28 za likizo ya mwaka, hizo ni siku 196, ongeza 84 za uzazi zinakuwa 280. Mwaka una siku 365. Kwa hiyo likizo zikipangwa zisigongane, siku ambazo wodi yako imekamilika ni 85 tu, na hapo hatujaweka msiba, hatujaweka semina, hatujaweka Desemba ambapo kila mtu anataka kuwa Marangu au Machame na nyinyi mnajijua. Hiyo rota imepangwa kwa kuamini nesi haumwi. Binti akiugua siku 2 inaanguka, wewe unamkasirikia binti.

Alafu naiti 5 za masaa 12 ni masaa 60 kwa wiki moja. Sheria inasema 45, yanayozidi ni ovataimu ya mara moja na nusu na kwa makubaliano, na masaa ya kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi yana nyongeza ya asilimia 5 juu ya mshahara. Kati ya kumaliza zamu na kuanza nyingine mtu apumzike masaa 12 mfululizo, sio kunawa uso na kuendelea na raundi. Zile naiti zako 8 ulilipwa? Nahisi najua jibu.

Sasa umekagua rota ukaona ED zote 4 zinakuja baada ya naiti ukasema mvivu. Mimi naangalia hizo hizo nasema naiti zinamfanya kitu. Sijui kitu gani. Kuna watu naiti zinawaamsha kipandauso, kuna wenye pumu, kuna wenye selimundu ambao hawajamwambia mtu, kuna ambao mwili unagoma tu kulala mchana kwenye nyumba ya bati pembeni ya gereji. Kuna walioachiwa mtoto. Na hili la mtoto nakuibia siri, manesi wengi wanaomba ED za kichwa kumbe anayeumwa ni mtoto nyumbani, kwa sababu hawajui kwamba sheria inatoa angalau siku 4 zenye malipo mtoto akiugua. Inawezekana pia anadanganya, watu wanadanganya, mimi sio mtoto. Lakini mtu anayetaka kulala hachagui kulala baada ya offu 2, angezitafuta wikiendi.

Na kuna kitu kingine ambacho sipendi kukiandika. Kila asubuhi mnakabidhiana naye kwenye kile kichumba cha manesi, mlango umefungwa, kichwa kwa kichwa juu ya daftari. Wewe unakohoa mwezi. Yeye mwili hauna nguvu. Usije ukawa unacheka kitu ambacho amekitoa kwako.

Kwa hiyo muite. Sio kwenye grupu, sio mbele ya watu, na sio kumuita ofisini kama kesi, mtafute akiwa offu mnywe chai sehemu. Anza na samahani, na isiwe ile ya "kama nilikukwaza". Mwambie niliandika kitu kibaya, nilikosea, na ile picha nilitakiwa niwe wa kwanza kuikemea. Mimi Mpare, kwetu tunajua kesi tu, ila nyinyi wa mlimani mna utaratibu mzuri, mtu akikosa anakata sale, lile jani la kuombea msamaha, anapeleka, na aliyeletewa sale hana pa kukataa. Hutembei na sale mjini Moshi, watakushangaa, lakini moyo uwe wa namna hiyo. Baada ya hapo muulize hivi, "ED zako zinakuja baada ya naiti, sikuulizi unaumwa nini, nauliza naiti zinakufanyaje." Halafu nyamaza. Usimsaidie kujibu. Ugonjwa wake ni wake, akitaka kukwambia atakwambia. Akileta cheti cha daktari kwamba hafai naiti, sheria inataka ahamishiwe mchana pale inapowezekana, na wewe ndo unashika kalamu ya rota.

Kwenye grupu rudi uandike mistari 2 tu, kwamba ile kauli yako uliikosea na picha ifutwe, na kuanzia leo ugonjwa wa mtu haujadiliwi humo. Waliocheka watakaa kimya. Aliyepiga picha mwambie pembeni, tena kwa ukali kidogo, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022 na habari za afya ya mtu ni taarifa nyeti, yeye ni nesi, hakutakiwa kusubiri sheria imfundishe.

Metroni aliyesema malizaneni huko mpelekee hesabu. Karatasi moja, kwa maandishi, usiandike jina la binti hata mara moja. Andika zamu 28, watu 5, siku 85. Andika naiti zako 8. Omba nesi mmoja wa kuazima kutoka wodi nyingine au wa pati-taimu mpaka wa uzazi arudi, na naiti zishuke kutoka 5 ziwe 3. Atakwambia hakuna bajeti. Mwambie sawa, basi aandike hapo chini kwamba hakuna bajeti, asaini. Utashangaa bajeti inavyopatikana mtu akiambiwa asaini.

Narudi kwako sasa namalizia. Eksrei na makohozi, na usijipime mwenyewe wala usimpe mtu wa maabara kikopo kwa jina la mgonjwa mwingine, nawajua. Fungua faili lako, uonwe na daktari kama watu. Wakikuta ni pumu au asidi utapewa dawa utaanza kulala, na mwanao atalala. Wakikuta TB, dawa ni bure, miezi 6, na ukizimeza vizuri baada ya wiki kama 2 hivi wengi hawaambukizi tena, ila kurudi wodini unarudi kwa neno la daktari sio kwa neno lako. Hizo siku 126 ni zako pia, miaka 14 hujazigusa. Mwanao apimwe, wenzako wote wapimwe na binti akiwemo. Na mwambie mwajiri kwa maandishi kwamba unadhani umeipata kazini, kwa sababu kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kazi 2015, unashughulikia magonjwa yanayotokana na kazi na sio ajali za viwandani tu kama wengi wanavyodhani. Mwajiri ndo anatakiwa apeleke taarifa, wewe mfuatilie.

Najua unachowaza, nani ataingia Jumamosi. Sijui. Mpigie metroni leo umwambie huna mtu, wewe unaumwa na binti anaumwa, kisha kata simu usimpe jina la mtu wa tatu. Wodi ni ya hospitali. Ikibidi metroni mwenyewe avae gauni, anajua kuwahudumia wazazi, alianzia huko huko.

Kikopo chukua leo ukitoka zamu. Makohozi ya kwanza kabisa ya asubuhi, kabla hujapiga mswaki wala kunywa chai, ukayatolee nje kwenye hewa. Majibu yakitoka niandikie, hata kama ni asidi.